Kwa Mama Vyungu: Okidi yako iko mji gani?

Barua zilizonifikia mwezi huu karibu zote zinahusu mmea mmoja: okidi ya dukani. Mnaijua. Chungu cha plastiki angavu, majani mapana manene, kikonyo kilichobanwa kwenye kijiti, na maua meupe, ya waridi au ya zambarau yaliyopangana hadi nchani. Wataalamu huiita Phalaenopsis. Kwao ni Asia ya Kusini-Mashariki, Ufilipino na Indonesia hadi kaskazini mwa Australia, na huko haioti ardhini bali hujishikiza kwenye matawi ya miti. Hizi tunazouziwa zilizalishwa maabara na kukuzwa kwenye nyumba za vioo; Uholanzi na Taiwan ndio vinara wa biashara hiyo.

Ombi moja kabla hatujaanza. Mkiniandikia, tajeni mji mnaoishi. Kikaratasi kinachokuja na mmea kiliandikwa kwa mtu mwenye hita sebuleni na theluji mlangoni. Sisi ikweta inapita hapa Maseno. Nikisoma "iweke dirisha la kusini majira ya baridi" huwa nacheka peke yangu kitaluni.

Hujambo Mama Vyungu? Mume wangu aliniletea okidi siku yangu ya kuzaliwa mwaka jana. Ilikaa na maua karibu miezi mitatu, yakapukutika, na tangu hapo ni majani tu. Imeongeza majani, mizizi imejaa chungu, inapendeza. Iko verandani, kivulini. Jirani yangu ameanza kuniuliza kama ni ya plastiki. Ina ugonjwa gani?
*Mke wa Fundi, Migosi, Kisumu*

Sijambo, dada. Mmea wako hauumwi. Umestarehe kupita kiasi.

Okidi hii haichanui kwa kuhesabu miezi, wala kwa mbolea, wala kwa kuombewa. Inasubiri ubaridi. Wakulima wa biashara wanalijua hilo na ndivyo wanavyopanga tarehe ya kuuza: wakitaka iongeze majani, nyumba ya vioo inawekwa kwenye nyuzijoto 28 hivi, wakitaka maua, wanaishusha hadi karibu 20, na baada ya wiki kadhaa vikonyo vinaanza kuchungulia.

Najua utakachosema: "Lakini Mama, Kisumu usiku kunapoa, hata shuka tunajifunika." Kweli kabisa. Ila mwaka 2006 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, Marekani, walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba linaloamua ni joto la mchana, si la usiku. Mimea iliyokaa kwenye nyuzi 29 mchana haikutoa hata kikonyo kimoja, ijapokuwa usiku ilishushwa hadi 17. Hebu zisome tena namba hizo. Mchana 29, usiku 17. Dada, huko walikokupima si Michigan, ni Migosi!

Kwa hiyo nenda ukanunue kipimajoto, hata kile cha ukutani cha bei rahisi, ukiweke kando ya chungu na ukisome saa nane mchana. Siyo asubuhi unapomwagilia, kwa sababu asubuhi kila mahali ni pazuri. Veranda yenye mabati na isiyo na dari itakushangaza. Kisha zunguka nacho nyumbani. Unatafuta mahali penye mwanga wa kusomea gazeti bila taa, lakini ambapo hakivuki 25 au 26. Kwenye zile nyumba za zamani za Milimani zenye kuta nene, pembe kama hiyo hupatikana, hasa kati ya Juni na Agosti joto linapolegea kidogo. Kwenye nyumba ya juu kabisa ya ghorofa, sahau.

Usipopapata, ihamishe mji. Sifanyi mzaha. Mdogo wangu anaishi Lanet, Nakuru, na Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari wakati sisi tuko kwenye 1,130. Okidi zangu hupanda kwake zikiwa majani matupu na kushuka zikiwa na vikonyo. Kama una shemeji Kericho au shangazi Nandi Hills, mpelekee akulelee kwa wiki sita hadi nane. Iache ikauke siku mbili kabla ya safari, shindilia magazeti kuzunguka chungu ndani ya katoni, toboa katoni pembeni, na uipakate mwenyewe ndani ya gari. Ukimwachia makanga akaifunga juu ya kariya pamoja na magodoro, usiniandikie tena.

Aliyekulelea aangalie chini ya majani, pale jani linapokutana na shina. Ataona kitu cha kijani kinachomea. Kama ncha yake ni ya duara, laini, inang'aa, huo ni mzizi tu. Kama ncha imechongoka, imebapa kidogo na ina vigamba vidogo, hicho ndicho kikonyo. Asikimbilie kukurudishia siku hiyo hiyo. Joto kali likikikuta kikonyo kikingali kichanga, kinaweza kuacha kazi ya maua kikazaa kitoto cha majani juu ya kijiti. Asubiri hadi matumba yaonekane.

La mwisho kwako ni mwanga, maana umesema "kivulini". Majani ya kijani kizito sana yananiambia mmea una kiza. Yakianza kuwa na wekundu pembeni, jua limezidi. Jua la asubuhi la dirisha la mashariki linafaa mwaka mzima. Dirisha la kaskazini ni la kuvizia: Januari ni salama, Juni jua linainamia upande huo na majani yanababuka. Desemba zamu hiyo ni ya dirisha la kusini.

Mama, okidi yangu ilikuja na matumba kumi na moja. Mengi yamekuwa ya manjano na kuanguka kabla hata ya kufunguka. Sijaihamisha, na maji naweka kwa kiasi. Iko jikoni juu ya friji, kando ya kapu la matunda, ndiko kwenye mwanga mzuri.
*Mwalimu wa Gredi ya Nne, Kisii*

Mwalimu, jibu umejiandikia mwenyewe kwenye mstari wa mwisho. Kapu la matunda, na tena Kisii! Hilo kapu ni la ndizi.

Ndizi ikiiva hutoa gesi inayoitwa ethilini. Haina rangi, na kwa kiasi hicho kidogo huwezi kuinusa. Mama zetu wanapovumbika ndizi shimoni na kuzifunika, wanaifungia gesi hiyo ndani ili ndizi moja iivishe nyingine. Wanaotia moshi wanaiongeza, kwa sababu moto usioungua vizuri nao hutoa ethilini. Kwa ndizi ni habari njema. Kwa okidi, gesi hiyo hiyo ni amri ya kwamba wakati wa maua umekwisha, na tumba changa hutii upesi kuliko ua lililofunguka. Parachichi lililoiva na papai pia wamo. Jiko la makaa na la mafuta taa wamo. Hata ua la okidi lenyewe likianza kunyauka hutoa gesi hiyo, kwa hiyo lichume.

Yaliyoanguka yameanguka. Ihamishie sebuleni leo, mahali penye mwanga unaofanana na huo, na uielekeze upande ule ule uliokuwa ukitazama dirisha ili matumba yasihangaike kujigeuza. Yaliyobaki yana nafasi. Ukikosa mahali pengine, hamisha kapu. Ila najua nyumbani kwenu nani atashinda kati ya ndizi na ua.

Pole na kazi, Mama Vyungu. Niliona okidi yangu inabanwa na kile kichungu cha plastiki, nikaihamishia kwenye chungu kikubwa cha udongo wa mfinyanzi, nikajaza udongo mwekundu na samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri. Namwagilia kila asubuhi maji ya kisima chetu cha kuchimbwa kwa mashine. Sasa majani yamelegea na kukunjamana. Nimeongeza maji na hali inazidi.
*Baba Pacha, Section 58, Nakuru*

Nimeshapoa, Baba Pacha. Umeipikia okidi chakula cha mahindi, na samadi ile ungeipeleka kwenye sukuma wiki ingekushukuru.

Elewa mzizi kwanza. Mzizi wa okidi hii umezoea kuning'inia hewani kwenye gome la mti. Kwa nje umevikwa tabaka la seli zilizokufa zinazofyonza mvua kwa dakika chache. Baada ya hapo unataka hewa. Ukiufukia kwenye udongo mwekundu, maji hayaondoki na hewa haiingii, unaoza. Mzizi uliooza haunywi. Ndiyo maana majani yana kiu huku chungu kimelowa chepe, na ndiyo maana kila jagi unaloongeza linaharakisha mazishi.

Leo jioni itoe yote. Usiivute kwa majani. Lowesha udongo uwe tope, kisha itikise ndani ya beseni mpaka mizizi ibaki mitupu. Sasa shika mzizi mmoja mmoja, uubonyeze kwa vidole viwili. Mzima ni mgumu na umejaa, uwe mweupe, kijani au hata rangi ya udongo. Uliooza utabonyea, utatoa maji ya kahawia, na ukiuvuta ngozi yake itavuka yote na kukuachia uzi mwembamba mkononi. Huo ukate hadi kwenye sehemu ngumu kwa wembe uliopanguswa kwa spiriti. Usiwe na huruma. Ikibaki hata mizizi mitatu mizima, mmea utaishi, ijapokuwa usitarajie jani jipya kesho wala mwezi ujao. Usipobaki hata mmoja, sitakudanganya: wachache hufufuka.

Iache ilale nje ya chungu usiku kucha, pakavu, vidonda vikauke. Kesho uirudishe kwenye chungu kidogo, na kama ile plastiki angavu hukuitupa, irudie hiyo. Inaonekana duni, lakini ndiyo dirisha lako la kuona mizizi. Mizizi michache kwenye chungu kikubwa huzungukwa na unyevu isioweza kuumaliza.

Cha kujazia wewe wa Nakuru hukosi. Panda hadi Elburgon au Molo kwenye viwanda vya mbao, uombe magome ya paini. Magome, siyo unga wa mbao wala maranda. Wakikupa unga ukatae, unashikana na kuoza. Yavunje vipande vya ukubwa wa ncha ya kidole gumba, yachemshe ili wadudu wafe, yakaushe. Changanya na makaa yaliyovunjwavunjwa, kama sehemu moja ya makaa kwa tatu za magome. Ukipata lile jiwe jepesi la volkano la kusugulia nyayo, wanalolichimba upande wa Longonot, ponda na uongeze. Linashika unyevu bila kuziba hewa. Usishindilie. Gongagonga chungu mezani vipande vijipange vyenyewe.

Maji sasa. Tazama mizizi kupitia plastiki. Ikiwa ya kijani, ina maji, ondoka. Ikiwa na rangi ya fedha, ina kiu: mwagilia mpaka yatiririke chini, kisha mwaga yaliyobaki kwenye kisahani. Kwa Nakuru hiyo huangukia kama mara moja kwa wiki, na upepo mkavu wa Januari na Februari huweza kuisogeza karibu zaidi. Mwagilia asubuhi. Maji yakituama pale katikati majani yanapochipukia, yapanguse kwa kitambaa, kwa sababu hapo pakioza hakuna tena pa kutolea jani.

Na hayo maji ya kisima. Wenye visima virefu vya Bonde la Ufa wanajua habari ya floraidi. Ndiyo iliyopaka watoto wengi meno ya kahawia. Pamoja nayo huja chumvi nyingine. Mwenye dresina nyumbani ataona ncha za majani zimeungua. Kwenye okidi utaona ukoko mweupe juu ya magome na ncha za mizizi zimekuwa nyeusi. Kinga maji ya mvua kutoka kwenye mabati. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache ipite na vumbi lake na kinyesi cha ndege, kisha weka pipa. Okidi moja hainywi maji mengi, madumu mawili yatakufikisha mbali.

Mbolea usiiguse mpaka uone ncha mpya ya mzizi. Ukiiona, nunua agroveti ile ya kuyeyusha majini iliyoandikwa 20-20-20, uipime robo tu ya kiasi kilichoandikwa kwenye pakiti, mara moja kila wiki mbili. DAP na CAN ziache shambani.

Mama, nilinunua okidi ya bluu, bluu kabisa ya wino. Imechanua mara ya pili na maua yote ni meupe! Nimekosea mbolea?
*Dada wa M-Pesa, Bungoma*

Hukukosea kitu, mwanangu. Ile ilikuwa wino kweli. Okidi nyeupe hutobolewa kikonyo, ikatiwa rangi, rangi ikapanda na maji hadi kwenye maua. Ukikitafuta kile kikonyo cha kwanza utakuta kitundu kidogo kilichozibwa kwa nta. Kikonyo kipya hakikutobolewa, kwa hiyo umepata rangi yake ya kuzaliwa nayo. Aliyekuuzia alipaswa kukuambia, na wengi hawasemi.

Wajapani wa Chuo Kikuu cha Chiba walifanikiwa kupata ya bluu halisi, wakatangaza mwaka 2013, kwa kuipandikiza jeni kutoka kwa mmea wa jamii moja na lile gugu la mukengeria tunalowakatia sungura. Lakini hiyo sio uliyouziwa Bungoma. Nyeupe yako ni nzuri. Iache.

Mulembe, Mama. Kuna kijana hupita mtaani na okidi za msituni kwenye gunia, bei nafuu kuliko za dukani mara nyingi. Anasema ameziokota kwenye miti iliyoanguka. Ninunue? Nadhani za kwetu zitavumilia kuliko hizi za Wazungu.
*Mama Boi, Lurambi, Kakamega*

Mulembe muno, Mama Boi. Usinunue.

Kuvumilia zinavumilia, lakini msituni. Msitu wa Kakamega una okidi nyingi zinazomea juu ya miti, zikiwemo za jamii ya Polystachya na Aerangis. Hizo Aerangis ni nyeupe, kila ua lina mkia mrefu nyuma wenye asali ndani, na hunukia usiku kwa ajili ya nondo wenye ulimi mrefu. Ukiing'oa kutoka kwenye gome unaikatia nusu ya mizizi, maana imenata kabisa. Halafu unaipeleka sebuleni ambako hakuna ukungu wa asubuhi wala upepo wa chini ya miti. Itakaa kijani kwa muda ikila akiba yake, wewe ukidhani imeshika, kisha ikufie.

Na haizaliani haraka. Tunda moja hubeba mbegu nyingi mno, laini kama vumbi, lakini mbegu yenyewe haina chakula ndani. Ni lazima iangukie mahali penye kuvu fulani wa kuilisha ndipo iote, na huchukua miaka hadi ichanue. Gunia moja la huyo kijana ni miaka mingi ya msitu. Zaidi ya hayo, kung'oa mimea kwenye hifadhi bila kibali ni kosa, na okidi zote zimo kwenye mkataba wa kimataifa wa CITES unaodhibiti biashara yake kati ya nchi na nchi. Za kwenye miti iliyoanguka nazo nimezisikia. Ajabu ni kwamba miti huanguka kila Jumamosi ya soko!

Ukitaka kuziona, nenda Buyangu au Isecheno wakati wa mvua na mwongozaji wa hapo, utazame juu.

Mjukuu wangu wa miaka miwili aliuma jani la anthuriamu, akalia sana na kutoa mate. Sasa yuko sawa. Nitupe mmea?
*Kuku wa Mbale, Vihiga*

Pole, mama, na kheri ameshapona. Huna haja ya kuutupa, uweke juu. Anthuriamu ni wa familia moja na nduma. Umewahi kuonja nduma isiyoiva vizuri ikakuwasha koo? Ni kitu kile kile: vifuwele vya oksaleti vyenye ncha kali, vimejaa kwenye jani. Nduma tunaichemsha hadi iwe salama. Anthuriamu hakuna wa kuichemsha. Ikitokea tena, mpanguse mdomo, mpe maji baridi au maziwa anywe, na ukiona ulimi unavimba au pumzi inampa shida, nenda hospitali bila kungoja. Pisi lili nayo ni ya ukoo huo. Mbuzi pia wasiachiwe, ingawa mbuzi akionja mara moja huwa na akili kuliko sisi.

Vayoleti yangu ya Afrika imeingia madoa ya manjano juu ya majani, kama mtu aliyechora mviringo. Hakuna mdudu. Ni kuvu?
*Mtembea na Chai, Nandi Hills*

Ni maji baridi, kaka. Ya bomba la Nandi Hills asubuhi yanauma hata meno. Tone baridi likitua kwenye lile jani la manyoya huacha doa lisilotoka. Acha maji yakae ndani ya nyumba usiku mzima, kisha mimina kwenye kisahani mmea unywe kwa chini, nusu saa, na umwage yanayobaki.

Huu mmea, kwa taarifa yenu, si mgeni hata kidogo. Ulichukuliwa milima ya Usambara, hapo Tanga, mwaka 1892 na ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, akautuma kwa baba yake Ujerumani. Tunaununua leo madukani umefungwa utepe, tukiambiwa ni ua la ng'ambo.

Mama mkwe anasema okidi chumbani usiku inaiba hewa na mtu anaweza asiamke. Nimjibu vipi kwa heshima?
*Bibi Arusi Mpya, Siaya*

Mwambie taratibu, baada ya kumpa chai. Okidi hii ina tabia ya mimea ya sehemu kavu: mchana hufunga vitundu vya majani ili isipoteze maji, usiku huvifungua na kuvuta kaboni dayoksaidi. Kwa hiyo usiku inavuta ile tunayoitoa sisi. Hata mimea mingine inayotumia oksijeni usiku huchukua kidogo sana. Mumeo akilala kando yako anatumia nyingi kuliko kitalu changu chote. Hiyo ya mume usimwambie. Akishikilia msimamo, ihamishie sebuleni, ua lisikuvunjie nyumba.

Kikaratasi kinasema niweke vipande vitatu vya barafu kila wiki. Ni kweli? Si itaungua?
*Asiyeamini, Milimani, Nakuru*

Haitaungua. Watafiti wa Marekani walilijaribu jambo hilo, wakachapisha mwaka 2017: okidi zilizopandwa kwenye magome na kumwagiliwa kwa barafu zilidumu na maua sawa na zilizopewa maji ya kawaida. Barafu iliwekwa juu ya magome, siyo katikati ya majani.

Lakini fikiria ni nani aliyeandikiwa ushauri huo. Ni mtu anayesahau, au anayezidisha maji, na vipande vitatu humpimia kama theluthi ya kikombe bila kufikiri. Wewe una jagi, una mizizi unayoiona kwa macho, na umeme wa kwenu haukuahidi kwamba Jumapili barafu itakuwepo. Tena Nakuru Julai usiku kunakaribia nyuzi 10. Usiiongezee baridi, iondoe dirishani jioni. Mpe maji yaliyolala ndani, barafu tia kwenye juisi ya wageni.